Mume wangu anataka dizeli ya mita 12, lakini dereva nitakuwa mimi

Kwa Mshauri,

Natumaini barua hii itakukuta u mzima. Mimi ni mwanamke wa miaka 61, mwalimu mstaafu, na mume wangu ana miaka 66. Kwa muda mrefu tumekuwa tukiahidiana kwamba tukishastaafu tutanunua gari-nyumba kubwa, au motohomu kama wengine wanavyoliita, tuishi ndani yake miezi minane ya mwaka na miezi inayobaki tukae kwa binti yetu. Sasa sote wawili tumestaafu, akiba ipo na nyumba tumeipangisha. Kilichobaki ni kuchagua gari, na hapo tumekwama miezi mitano huku tukinuniana.

Katika yote tuliyoyatazama tumebaki na matatu. La kwanza ni la daraja C, jipya, la petroli, lenye urefu wa mita 9.6, ambalo mbele lina kabini ya gari la kawaida la mizigo na kitanda juu ya kichwa cha dereva. La pili ni la daraja A, nalo ni jipya na la petroli, mita 10.7, uso wake bapa kama wa basi. La tatu ni la daraja A pia, lakini limetumika miaka 14, injini yake ya dizeli iko nyuma, lina breki za upepo na urefu wa mita 12.2, na ndani ni nyumba kamili: sakafu ya vigae, mashine ya kufulia, na vyumba vinne vinavyochomoza ubavuni ukibonyeza kitufe. Bei ya hilo kuukuu na ya lile jipya la mita 10.7 zinakaribiana sana, na ndiyo maana tumechanganyikiwa.

Mume wangu anasema injini ya dizeli haifi, kwamba gari lile litatumia mafuta kidogo, na kwamba mimi mwenyewe nikishaionja sebule yake sitakubali kurudi kwenye dogo. Mimi ninalipenda la daraja C kwa sababu nikikaa kwenye usukani wake naona kitu ninachokifahamu. Jambo ambalo hatulisemi kwa sauti ni kwamba mume wangu ameanza kupata mtoto wa jicho, usiku haendeshi tena, na hata mchana baada ya saa moja barabarani huniomba nimpokee. Gari kubwa kuliko yote niliyowahi kuendesha ni pikapu.

Tunakusudia kukaa mahali pamoja mwezi mzima au zaidi kabla ya kusonga mbele, kwa hiyo tumekadiria kilomita 8,000 kwa mwaka. Tutavuta gari letu dogo lenye uzito wa kilo 1,200. Wajukuu wetu wawili, mmoja wa miaka 6 na mwingine wa miaka 9, watakuwa nasi wiki mbili kila likizo. Fundi mmoja alituambia tutazame pia aina inayojengwa juu ya lori, ila hatujaiona. Nilinakili pia vibandiko vya uzito: la daraja C linaruhusiwa kilo 590 za watu na mizigo, la petroli la daraja A kilo 1,150, na la dizeli kilo 1,900. Matangi yao ya maji safi ni ya lita 190, 300 na 380. Sijui kama namba hizi zina maana yoyote. Muuzaji alinishangaa nilipokuwa nikiziandika.

Tuchague lipi?

Mama wa Usukani

Dada yangu Mama wa Usukani,

Muuzaji alikushangaa kwa sababu wateja wengi hufungua jokofu, hulalia kitanda, huhesabu makabati, kisha hutia saini bila kukigusa kibandiko hicho. Wewe umekisoma, na sehemu kubwa ya jibu lako imo humo.

Kwanza niondoe mkanganyiko wa majina. Herufi hizi ni mgawanyo wa Marekani, na mpangilio wake haufuati ukubwa: daraja B ndilo dogo kuliko yote, C liko katikati, na A ndilo kubwa. Ulaya hugawa kwa umbo la sehemu ya mbele. Herufi yenyewe haikwambii gari linabeba nini wala linaendeshekaje. Kinachokwambia hayo ni chasisi, yaani ule mfupa wa chini ambao kampuni ya magari ya biashara huutengeneza na kumwuzia mjenzi wa nyumba, naye huupandishia kuta, bomba na makochi. Gari la daraja C la urefu huo kwa kawaida hukaa juu ya chasisi ya gari la mizigo kama Ford E-450, ambayo uzito wake wa juu kabisa, ikiwa na kila kitu, ni kilo 6,577. La petroli la daraja A mara nyingi hukaa juu ya Ford F-53, ambayo hutoka katika viwango kadhaa, kuanzia takriban kilo 7,260 hadi 11,790. La dizeli hukaa juu ya chasisi ya ukoo wa malori na mabasi, na la mita 12 hupita tani 13 bila shida. Nyumba zinaweza kufanana ndani hadi rangi ya mapazia, na bado mfupa mmoja ukawa unahema kwa mzigo ambao mwingine hauusikii.

Sasa tufanye hesabu. Kwa kanuni za Marekani, kibandiko hicho hutaja uzito wa watu wote na vitu vyote mtakavyopakia; mafuta ya gari yamekwisha kuhesabiwa, lakini maji safi hayajahesabiwa, nayo huwa sehemu ya mzigo wenu kwa kilo moja kila lita. Chukua lile la daraja C. Kutoka kilo 590 ondoa lita 190 za maji, zinabaki 400. Ondoa ninyi wawili, tuseme kilo 155, zinabaki 245. Wajukuu wakipanda, ondoa 50 nyingine, mnabaki na kilo 195 za nguo za miezi minane, vyombo, chakula, magodoro ya ziada, viti vya nje, vifaa vya fundi, mipira ya maji, dawa, vitabu na baiskeli za watoto. Chombo cha kuvutia gari dogo nacho kina uzito wake. Mtu anayesafiri wiki mbili anaweza kujibana ndani ya kilo 195, lakini anayehamia hawezi, na ninyi mnahamia. Kasoro ya magari marefu ya daraja C ni hiyo: mjenzi huendelea kurefusha nyumba na kuongeza vyumba vya kuchomoza juu ya mfupa uleule, na kila mita anayoiongeza anaikata kwenye haki yenu ya kupakia. La mita 7 juu ya chasisi hiyohiyo mara nyingi hubeba mzigo mwingi kuliko la mita 9.6.

Ukilifanyia hesabu hiyohiyo la petroli la daraja A, kilo 1,150 zinakuwa 645 baada ya maji na watu wanne, na hizo zinatosha kaya ya wazee wawili wasiokusanya mawe. La dizeli linabaki na 1,315, kiasi ambacho shemeji angeweza kuhamia na karakana yake nzima.

Najua hesabu hii imelikata gari ulilolipenda, kwa hiyo niseme neno kuhusu hofu iliyokufanya ulipende. Kabini unayoitambua ina faida za kweli: mlango wa dereva, mifuko ya hewa, na pua ya chuma iliyojaribiwa kwa kugongwa kiwandani. Magari mengi ya daraja A hayana mifuko ya hewa, na mbele yako kuna kioo kipana na ukuta mwembamba. Hilo si jambo dogo, na sitalifunika. Lakini sehemu inayowaponza madereva wapya iko nyuma, na kwenye la daraja C la mita 9.6 ni ndefu vilevile. Namaanisha mkia, ile sehemu inayoning'inia nyuma ya magurudumu ya nyuma, ambayo katika magari ya ukubwa huu hufikia mita 3 na zaidi. Unapokata usukani kwenda kulia, mkia huenda kushoto.

Mimi nilijifunza hili asubuhi moja nikitoka kwenye kambi ya magari-nyumba, nikiwa nimeegesha sambamba na nguzo fupi ya bomba la maji iliyokuwa kama nusu mita kutoka ubavuni. Mbele palikuwa wazi kabisa. Nilikata usukani wote mara moja ili niondoke kwa madaha, nikasikia mlio kama wa mtu anayekunja bati, na nilipotazama kioo cha pembeni niliona maji yanaruka juu kuliko paa langu. Kona ya nyuma ilikuwa imeilaza nguzo, na kilichonifedhehesha zaidi ni kwamba macho yangu yote yalikuwa mbele, mahali ambapo hapakuwa na kitu cha kugonga. Tangu siku hiyo hutoka mbele mita kadhaa kwa kunyoosha, ndipo nianze kukata kidogokidogo huku nikitazama kioo cha upande ninaouacha. Wewe utajifunza kwa chupa tupu ya maji: isimamishe kwenye uwanja mtupu karibu na kona ya nyuma, kata usukani, na umwombe shemeji asimame mbali akutazamie. Ikianguka mara tatu, mwili utakuwa umeelewa.

Jambo la pili ambalo ni geni katika daraja A ni kwamba dereva hukaa juu ya magurudumu ya mbele au mbele yake kabisa, kwa hiyo kwenye kona unapaswa kuuacha uso wa gari upite mahali ambapo ungeanza kukata ukiwa na pikapu. Mara ya kwanza utahisi kwamba unaingia mtaroni. Baada ya siku mbili utakuta kwamba kuketi juu na kuona mbali kunakutuliza kuliko kabini uliyoizoea, na nimewasikia madereva wengi wapya wakilisema hilo kwa mshangao.

Tuje kwenye dizeli ya shemeji, ambayo nataka kuitendea haki, kwani ana hoja. Injini ikiwa nyuma, mbele kuna utulivu kiasi kwamba mnaweza kuzungumza kwa sauti ya kawaida hata mkipanda mlima, wakati katika lile la petroli injini iko katikati ya viti vyenu chini ya kifuniko, na kwenye mwinuko giaboksi hushuka, injini hupiga kelele, na mguu ulio karibu na kifuniko hupata joto. Springi za upepo hulaza mashimo ya barabara ambayo springi za chuma huyapeleka moja kwa moja kabatini. Kubwa kuliko yote, kwenye mteremko mrefu injini ya dizeli yenye breki yake ya moshi au ya ndani, yaani inayotumia injini yenyewe kupunguza mwendo, huishikilia nyumba nzima isitoroke, nawe unaigusa breki ya miguu mara chache. La petroli nalo lina kitufe cha kuvuta mzigo kinachoshikilia gia ya chini, nacho hufanya kazi vizuri, lakini halifikii nguvu ile. Kama mngeniambia kwamba mtapita milimani kilomita 30,000 kwa mwaka, ningeandika jibu lingine.

Mmesema kilomita 8,000, tena mkisimama mwezi mzima kila kituo. Hapo ndipo hoja ya mafuta inapoyeyuka. Gari la petroli la ukubwa huu lihesabiwe lita 34 kwa kilomita 100, na la dizeli la tani 14 lita 29. Yapo yanayokula zaidi na yanayokula kidogo, kwa kutegemea mguu wa dereva, upepo na milima. Kwa mwaka hiyo ni lita 2,720 dhidi ya 2,320, tofauti ya lita 400. Linganisha na huduma: injini kubwa ya dizeli hunywa mafuta ya kulainisha mara mbili ya ile ya petroli au zaidi, ina vichungi vingi, breki za upepo zina kikaushia hewa kinachotaka kubadilishwa kwa wakati wake, na fundi wa magari ya kawaida hana nafasi wala jeki ya kulipokea. Akiba ya lita 400 inaweza kuisha kwa huduma moja tu.

Na kuhusu dizeli kutokufa, nakubaliana na shemeji kuhusu injini. Tatizo ni kwamba hamnunui injini. Kilichozunguka injini hiyo kina miaka 14: mipira ya kuziba paa, mota za vyumba vinne vya kuchomoza, mabomba ya plastiki, jokofu, betri, mikoba ya zile springi za upepo, na tairi sita kubwa ambazo huenda zinang'aa kwa sababu gari lilikaa tu. Tairi za magari-nyumba huzeeka kabla ya kuisha. Chuchumaa kwenye tairi la mbele ukiwa na tochi, tafuta herufi DOT ubavuni, na usome tarakimu nne za mwisho: 1719 ni wiki ya 17 ya mwaka 2019. Watu wengi wa fani hii hubadilisha tairi kati ya miaka 5 na 7 hata kama meno yapo, kwa sababu tairi la mbele likipasuka katika gari la tani 14 usukani hupokonywa mikononi mwa mwenye nguvu, sembuse wako.

Maji ya mvua ni adui mkubwa zaidi, na hufanya kazi kimyakimya. Ukuta wa gari-nyumba nyingi ni tabaka jembamba la faibaglasi lililogundishwa juu ya ubao na povu. Maji yakiingia, gundi huachia na ukuta hufura. Nendeni jioni jua likiwa chini, au mulikeni tochi sambamba na ukuta kuanzia kona, nanyi mtaona uvimbe ambao mchana hauonekani. Ndani, bonyeza kwa kidole gumba kwenye pembe za dari, chini ya madirisha, na sakafuni kandokando ya kila chumba cha kuchomoza. Pakibonyea kama mkate, ondokeni hata kama vigae ni vya marumaru. Pua yako pia ni kifaa: harufu ya manukato mazito ndani ya gari lililofungwa inastahili swali.

Simaanishi kwamba jipya halina ubovu. Magari-nyumba mapya hurudi kwa wauzaji mara nyingi katika mwaka wa kwanza kwa bawaba zilizolegea, mabomba yanayodondosha na waya zilizosahauliwa, kwa hiyo mkilinunua msiende mbali mwezi wa kwanza. Lakini hayo hurekebishwa chini ya dhamana, nanyi mnaanza na paa na tairi ambazo umri wake mnaujua.

Kwa hiyo uamuzi wangu ni lile la petroli la daraja A, la mita 10.7. Linabeba maisha yenu, lina upungufu wa mita 1.5 kulinganisha na la dizeli, na fundi wa magari ya mizigo anaweza kulihudumia karibu popote. Tena nafasi ya kuegesha hutafutwa kwa urefu. Ziko kambi ambazo hazipokei mita 12, na ziko barabara ambazo hazipokei hata lenu: ile ya Going-to-the-Sun katika Glacier National Park, Marekani, hairuhusu gari lenye urefu unaozidi futi 21, yaani mita 6.4, kwenye kipande chake cha katikati. Huko mtapita kwa gari dogo. Kama shemeji atasisitiza dizeli, kuna za injini ya nyuma zenye mita 10 hadi 11 ambazo ningezitazama kabla ya hiyo ya mita 12.2, kwa masharti yaleyale ya tochi na kidole gumba.

Aina aliyoitaja fundi wenu, inayojengwa juu ya lori, ni nzuri kwa mwenye kuvuta trela zito. Ina pua ya lori, nguvu, na breki za kuaminika. Ila pua hiyo inachukua urefu ambao ungekuwa sebule, na ngazi za kupandia kabini huwa ndefu kwa magoti ya miaka 66. Kwa gari dogo la kilo 1,200 hamuihitaji.

Gari dogo lenyewe lina mambo yake. Si kila gari linaweza kuvutwa likiwa limekanyaga chini kwa magurudumu yote manne bila giaboksi kuharibika, na kitabu cha mwenye gari ndicho kinachosema. Wala si kila nchi inaruhusu uvutaji wa namna hiyo. Linahitaji breki zake zinazofanya kazi pamoja na zenu. Na jambo ambalo hakuna muuzaji anayelitaja: gari lililofungwa hivyo haliwezi kurudishwa nyuma, kwani magurudumu yake ya mbele hujikunja yenyewe na kukwaruza lami. Ukiingia njia isiyo na mwisho, mtalifungua kwanza, ndipo urudi. Kwa sababu hiyo mazoea yako mapya yatakuwa kutoingia mahali popote kabla hujaona pa kutokea.

Wajukuu nao wanahitaji viti vinavyotazama mbele vyenye mikanda, na kiti cha mtoto hakifungwi kwenye kochi la ubavuni. Kagueni hilo kwa mikono yenu katika lile la petroli, mkiwa na viti vya watoto wenyewe. Ikiwa nafasi hazitoshi, siku za kuhama mmoja wenu aendeshe gari dogo akiwa na watoto, na gari-nyumba lifuate likiwa halivuti kitu. Kwa kilomita chache mnazosafiri, wala halitakuwa gumu.

Suala la leseni nalipitia haraka kwa kuwa hutofautiana. Katika Ulaya leseni ya kawaida ya daraja B (hapa herufi ni za leseni, si za magari-nyumba) imezoeleka kuishia kilo 3,500, hivyo yote matatu yanazidi hapo. C1 hufika kilo 7,500, na juu ya hapo ni C. Katika baadhi ya majimbo ya Marekani gari linalozidi kilo 11,793 hudai leseni maalumu hata kama si la biashara. Ulizeni mamlaka ya mahali mtakapoliandikisha, na muulize kwa majina yenu wote wawili, kwa kuwa mwenye leseni akiwa mmoja tu, naye ni mwenye mtoto wa jicho, mtakuwa na nyumba isiyoondoka.

Kabla ya kutoa hata senti, kodini gari la aina na urefu huohuo kwa wiki moja, mlijaze maji na mizigo halisi, mpite kwenye mizani ya malori mpime ekseli ya mbele na ya nyuma, kisha mlinganishe na kibandiko. Funga vyumba vyote vya kuchomoza uone kama bado unaweza kufika chooni, kwenye jokofu na kitandani, kwa sababu mtasimama kandokando ya barabara siku ya mvua mkiwa na njaa. Jaribu kuingia kituo cha mafuta na kutoka. Jaribu barabara kuu siku ya upepo lori likikupita, uone gari linavyosukumwa kisha linavyovutwa, na mikono yako inafanya nini. Kaa kwenye kiti saa nzima uone kama mguu unafika kwenye kanyagio bila kunyooka.

Na wiki hiyo yote, dada yangu, uendeshe wewe. Shemeji akae kiti cha abiria, ramani mkononi, na asitoe neno isipokuwa mkia unakaribia kitu.

Mshauri wenu